Kabla Hujalipia Kamera, Ilete Kaole

Kamera zote hupendeza dukani. Taa ni nyeupe na tulivu, kiyoyozi kinavuma, na kitu pekee kinachopigwa picha ya majaribio ni uso wa mnunuzi ambaye tayari anatabasamu. Ukimuuliza muuzaji, "Kaka, hii inafaa kwa harusi?" atakujibu, "Bosi, hii inavuta mpaka mwezi." Mwezini hakuna harusi. Kazi yako iko Bagamoyo, na Bagamoyo kuna jua la utosini, upepo wa chumvi, mchanga usio na adabu, kumbi zenye taa za zambarau, na shangazi wa bibi harusi anayetaka kuziona picha usiku huohuo.

Kwa hiyo mwongozo huu una sheria moja kubwa, na nyingine zote ni watoto wake. Kabla hujalipia kamera ya mamilioni, ikodi au iazime kwa siku moja, panda nayo gari mpaka Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, kisha uifanyie mtihani. Dar es Salaam wapo wanaokodisha kamera, na kodi ya siku moja ni ndogo kuliko majuto ya miaka mitano. Itakayofaulu hapa itafaulu kokote mwambaoni, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Itakayofeli irudishe kwa heshima, ukasubiri nyingine.

1. Jua unachonunua

Tunazungumzia kamera ambazo mafundi huziita fulufremu mirolesi. Fulufremu ni kamera ambayo kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, kina milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya ule mkanda wa milimita 35 waliotumia baba zetu. Mirolesi ni kamera isiyo na kile kioo kilichokuwa kikiruka na kulia ndani ya kamera za zamani. Unachokiona kwenye kitafutio ndicho kihisi kinachokiona, pamoja na mwanga wake na makosa yake, kabla hujabonyeza. Tena inaweza kupiga kimya kabisa. Imamu akisoma hotuba ya nikaha, waumini wamsikie yeye peke yake.

Sony ilitoa α7 mwaka 2013. Canon na Nikon ziliingia uwanjani mwaka 2018 kwa EOS R, Z6 na Z7, na Panasonic ikafuata mwaka 2019. Leo kampuni zote nne zinatengeneza kamera nzuri. Nalisema hili mapema ili wale vijana wa kijiweni wanaokesha wakibishana Canon na Sony waende wakalale, maana kesho kuna kazi na betri hazijachajiwa.

2. Anza na shangazi

Kila familia ya pwani ina shangazi mmoja ambaye ndiye bodi ya ukaguzi wa picha. Hajui pikseli wala ISO. Huvaa miwani, huishika simu mbali kidogo na uso, halafu hutoa hukumu: "Mwanangu, mbona uso wa bibi harusi siuoni?" Huyo ndiye mtaalamu wako wa kwanza. Muulize anataka picha ziishie wapi: kwenye simu, kwenye albamu, au ukutani juu ya kochi? Jibu lake litakuokolea pesa nyingi.

Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi, unapata picha ya inchi 20 kwa 13, safi kabisa, ya kutosha sebule nyingi za Bagamoyo. Picha ya ukutani hutazamwa kwa mbali, kwa hiyo unaweza kuikuza zaidi ya hapo na asilalamike mtu. Video ya 4K nayo, pamoja na sifa zake zote, kila fremu yake ina takribani megapikseli 8 tu. Sony α7S III ya mwaka 2020 ina megapikseli 12 na ni miongoni mwa kamera zinazoheshimiwa sana kwa video za gizani. Megapikseli 45 ni za mtu anayepiga ndege wa Hifadhi ya Saadani akijua atakata picha na kubakiza robo yake, au anayepiga matangazo ya hoteli yatakayobandikwa barabarani. Wewe unayepiga waalikwa 300 waliojipanga jukwaani, megapikseli 24 hadi 33 zinakutosha, na diski yako itakushukuru.

Kisha jiulize kama kweli unahitaji picha na video kwa pamoja. Wateja wetu wengi wanataka zote mbili kwa mtu mmoja na kwa bei ya moja. Kazi hiyo mbilimbili ina wazee wake. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alianzisha Camerapix mwaka 1963 hapohapo Dar, akawa anapiga picha za mnato na za mjongeo kwa wakati mmoja. Picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu mzima. Ukitaka kufuata njia hiyo, tafuta kamera yenye swichi ya wazi ya kuhama kutoka picha kwenda video, na inayokumbuka mipangilio ya kila upande peke yake. Bibi harusi akiingia, hakuna anayekusubiri utafute menyu.

3. Jaribio la kanzu

Sasa tumefika Kaole. Hapa pana magofu ya misikiti miwili na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Msikiti wa kale zaidi hukadiriwa kuwa wa karne ya 13. Pana mibuyu yenye kivuli kizito, na kuta zilizopauka kwa jua. Hakuna maabara bora ya mwanga kuliko hii.

Njoo saa sita mchana, saa ambayo vitabu vyote vya upigaji picha vinakukataza. Vitabu hivyo viliandikwa na watu ambao ndoa zao hazifungwi baada ya swala ya adhuhuri. Mwanzoni mwa Machi, na tena kuelekea katikati ya Oktoba, jua la Bagamoyo hupita utosini kabisa. Macho ya mtu huwa mashimo meusi na pua humwaga kivuli mdomoni. Mvishe ndugu yako kanzu nyeupe yenye darizi shingoni, msimamishe ukingoni mwa kivuli cha mbuyu, ukuta wa matumbawe uwe nyuma yake. Piga.

Mita ya kamera hutaka ulimwengu wote uwe wa kijivu. Ikiona kanzu imejaa kwenye fremu, hupunguza mwanga, na uso mweusi wa ndugu yako huzama. Ikiona kivuli kimetawala, huongeza mwanga, na darizi zote za kanzu huungua zikawa karatasi tupu. Kamera nzuri ni ile inayokuruhusu kuokoa vyote viwili. Piga faili ghafi, yaani RAW. Rekebisha mwanga kwa kufuata kanzu mpaka darizi zionekane, kisha nyumbani inua vivuli vya uso. Kama uso unainuka ukiwa na rangi yake ya asili, umepata kamera. Kama unainuka ukiwa na chenga, au umegeuka kijivu, endelea kutafuta.

Kwa video, fanya vivyo hivyo ukiwa umeweka rangi za biti 10. Rangi za biti 8 zina ngazi 256 kwa kila mkondo wa rangi. Biti 10 zina ngazi 1,024. Tofauti hiyo huonekana pale unapoinua uso kutoka gizani na anga la nyuma likabaki laini badala ya kukatika vipandevipande.

Jaribio hili nalipenda kuliko yote, na sababu yake si mchezo. Kwa miaka mingi maabara za rangi za Kodak zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa Shirley. Filamu ilisifiwa kwa kumtoa yeye vizuri. Bibi zetu wakatoka kwenye picha wakiwa meno na macho tu. Kihisi cha leo kinao uwezo wa kumpa kila mtu uso wake. Mpigapicha wa pwani anayerudisha picha za nyuso zilizozama amefanya kosa ambalo vifaa vya leo havimlazimishi tena kulifanya. Na tafadhali, usiwapaushe watu. Mtu mweusi akitoka mweusi na akameremeta, hapo picha imekamilika.

4. Jaribio la alfajiri

Mgeni huja Bagamoyo na tripodi mabegani akitaka kupiga jua likizama baharini. Atakaa sana. Pwani yetu inatazama mashariki; jua hapa huchomoza baharini na kuzama nchi kavu, nyuma ya minazi. Ukitaka rangi ya dhahabu juu ya maji, amka. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa kumi na mbili na nusu na ushee asubuhi, kutegemea mwezi.

Tena kwa sababu tuko karibu na ikweta, jua hupanda na kushuka karibu wima. Kutoka jua linapozama mpaka giza kuingia ni dakika ishirini na kitu. Saa ya dhahabu wanayoiimba Wazungu, kwetu haifiki saa. Kamera inayofikiri sana kabla ya kushika fokasi itakuletea picha za giza na visingizio.

Nenda soko la samaki la Bagamoyo kabla hapajapambazuka. Wavuvi wanashuka kwenye majahazi na ngalawa, wachuuzi wanaingia majini na ndoo, watu wanapishana. Washa utambuzi wa macho na nyuso, mfuate mtu mmoja anayetembea kukuelekea, piga mfululizo. Kisha hesabu picha ngapi zimeshika jicho na ngapi zimeshika ndoo. Jaribu pia kwa mwanamke aliyevaa ushungi, na kwa mzee aliyevaa kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Kamera inayomjua mtu akiwa kichwa wazi tu haijawa tayari kufanya kazi Bagamoyo. Ongeza ISO mpaka 6,400, halafu 12,800, na uangalie zile picha kwenye kompyuta, maana skrini ndogo ya kamera husifia kila kitu.

5. Jaribio la ngoma

Mji huu una TaSUBa, taasisi iliyoanza kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, na tamasha lake la kila mwaka hukusanya ngoma za kila namna. Hata nje ya tamasha, ngoma haikosekani Bagamoyo. Itafute, uombe ruhusa, ukae mbele.

Kihisi cha kawaida husomwa mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Ukipiga kwa shata ya kielektroniki, fimbo ya mpiga ngoma iliyonyooka hutoka imepinda kama ndizi, kwa sababu ilihama wakati kihisi bado kinasomwa. Kamera zenye vihisi vinavyosomwa kwa kasi kubwa zimelipunguza sana tatizo hili. Sony α9 ilifungua njia mwaka 2017, na Nikon Z9 ya mwaka 2021 iliondoa kabisa shata ya chuma, ikifuatiwa na Z8 mwaka 2023. Kama mfuko haufiki huko, tumia shata ya chuma kwenye ngoma na ile ya kimya kwenye nikaha. Cha msingi ni kuijua kamera yako kabla ya siku ya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wameshalia. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi fremu 30 au 60 kwa sekunde, kama wanavyofundisha Wamarekani kwenye video zao, mistari ya giza itatembea juu ya uso wa bibi harusi usiku kucha. Marekani wanatumia hezi 60. Mafunzo yao ni sahihi kwa nyumba zao. Wewe weka kamera kwenye mfumo wa PAL, rekodi fremu 25 au 50, na kasi ya shata iwe 1/50 au 1/100. Kwa zile taa za rangi za ukumbini zenye mapepeso ya ajabuajabu, tafuta kamera inayoweza kurekebisha kasi ya shata kwa hatua ndogondogo.

Usisahau masikio. Kamera ya video isiyo na tundu la maiki na tundu la hedifoni irudishe kabla ya kuitoa kwenye boksi. Watu husamehe picha iliyotikisika kidogo. Taarabu iliyokoroma hawasamehe.

6. Jaribio la MC

MC wa Kitanzania ana kipaji kikubwa na hana saa. Akishashika maiki, ukoo mzima utatambulishwa, kwanza wa upande wa kike. Kamera yako lazima imalize pamoja naye.

Kamera nyingi za zamani kidogo, ikiwemo Sony α7 III ya mwaka 2018, hujizima zikikaribia dakika 30 za video. Sababu kubwa ni ya kodi: Umoja wa Ulaya uliitoza ushuru mkubwa zaidi kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi, nasi tuliokuwa Bagamoyo tukajikuta tunaishi kwa ushuru wa watu wengine. Ukinunua ya aina hiyo, weka mtu wa kubonyeza upya.

Adui wa pili ni joto. Canon EOS R5 ilipotoka mwaka 2020 na video yake ya 8K, ilijulikana haraka kwa kusimama kwa sababu ya joto, na huko walikokuwa wakiipima hakukuwa na ukumbi wa mabati mwezi Februari. Panasonic S5 II ya mwaka 2023 iliwekewa feni ndani na imejengwa kurekodi bila kikomo. Ijaribu kamera yoyote unayoitaka hivi: iweke kwenye tripodi, kivulini lakini nje, saa nane mchana, rekodi 4K saa nzima. Wewe kunywa madafu. Ikisimama kabla hujamaliza, umepata jibu lako.

Wakati inarekodi, fanya hesabu. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Ya megabiti 200 hula 90. Kwa hiyo bei ya kamera ni pamoja na kadi, na kadi ni mbili kwa wakati mmoja. Narudia: mbili. Harusi hairudiwi kwa sababu kadi imekufa. EOS R na Nikon Z6 ya kwanza, zote za mwaka 2018, zina nafasi moja tu ya kadi. Ni kamera nzuri kwa matembezi na mandhari, lakini usizibebeshe ndoa ya mtu zikiwa peke yake. Na kadi ukiinunua, ijaze yote kwa majaribio kabla ya kazi, kwa kuwa kadi bandia huandikwa gigabaiti 128 juu na kubeba robo yake ndani.

7. Jaribio la chumvi

Chumvi ya bahari haionekani, haisikiki, na haina haraka. Huingia kwenye vitufe, kwenye pete ya lenzi, kwenye tundu la chaji. Uliza kama bodi, yaani mwili wa kamera, na lenzi zote zimezibwa dhidi ya vumbi na maji, maana bodi iliyozibwa yenye lenzi isiyozibwa bado ina mlango wazi. Ukipanda mtumbwi kwenda kwenye mikoko au kuwapiga wakulima wa mwani Mlingotini, chagua lenzi ukiwa nchi kavu na usiibadilishe mpaka urudi. Upepo wa kusi ukivuma, mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi ni vazi la heshima. Jioni, futa kamera yote kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu.

Nyumbani adui ni fangasi. Hustawi kwenye unyevu wa pwani, gizani, ndani ya mkoba mzuri wa ngozi ambao umefungwa tangu mwezi wa Mfungo Tatu. Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, tia silika jeli na kipimo cha unyevu, weka kati ya asilimia 40 na 50. Kifaa hicho hakina nembo wala tangazo, na ndicho kitakacholinda mamilioni yako.

8. Ukioa bodi, umeoa ukoo

Bodi ya kamera haiji peke yake. Ukifunga nayo ndoa, umeingia kwenye ukoo wa lenzi zake, na wakwe hao utaishi nao muda mrefu kuliko bodi yenyewe. Kwa hiyo chunguza ukoo kabla ya posa.

Ukoo wa Sony una jamaa wengi, kwa sababu Sigma na Tamron hutengeneza lenzi zake za bei nafuu na zenye ubora. Ukoo wa Canon RF una lenzi bora sana, lakini kwa fulufremu umewabania watengenezaji wa nje; faraja yake ni kwamba lenzi za zamani za Canon EF, ambazo zimejaa nchini, hufanya kazi vizuri kwa adapta. Nikon Z una adapta yake kwa lenzi za F. Ukoo wa L, unaowaunganisha Panasonic, Leica na Sigma tangu mwaka 2018, ni wa watu wastaarabu, ila kuwapata mtaani kwetu ni kazi. Swali la kuuliza ni hili: lenzi yako ikidondoka Ijumaa jioni, ni nani kati ya Bagamoyo na Dar atakuazima nyingine kwa ajili ya Jumamosi? Nunua ukoo wa rafiki zako.

Lenzi ya kwanza iwe 24-70 au 28-75 ya f/2.8. Ya pili iwe 85 kwa nyuso, au 35 kwa vyumba vidogo vya kupambia bibi harusi. Pesa ikiwa haitoshi, punguza bodi, usipunguze lenzi.

9. Mtumba si aibu

Sony α7 IV, Canon R6 Mark II na Nikon Z6 III zilizinduliwa Marekani kwa takribani dola 2,500 kila moja, bodi peke yake. Hizo ni kama shilingi milioni sita kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo wengi wetu tutanunua mtumba, na mtumba uliokaguliwa una heshima yake.

Omba idadi ya milio ya shata. Sony ilisema shata ya α7 III imepimwa kwa milio 200,000, na Canon ikasema 500,000 kwa R5. Iliyokaribia huko imeshafanya kazi ya watu. Mulika lenzi kwa tochi ya simu ukitafuta nyuzi nyeupe za fangasi. Piga picha ya anga ukiwa umefunga tundu la lenzi mpaka f/16, utaona uchafu wote wa kihisi. Chomeka kila kitu chenye tundu. Na ukiambiwa imetoka Japani, fungua menyu kwanza: Sony zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani huwa na Kijapani peke yake, na lugha hiyo hutajifunza kati ya leo na Jumamosi.

10. Adabu ni sehemu ya kifaa

Kaole ni makaburi. Watu bado huja kuzuru na kuomba dua. Lipa kiingilio, waeleze wasimamizi kazi unayokuja kuifanya, na usipande juu ya kaburi kutafuta pembe nzuri. Wavuvi waulize kabla ya kuwaelekezea lenzi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu si kitu cha kuokota njiani, na kwetu haikuwa hivyo hata kabla ya sheria. Droni nayo ina kibali chake.

Na kazi ikiisha, hifadhi. Ranchhod Oza alifungua studio ya Capital Art Zanzibar mwaka 1930, na picha za studio ile zimebaki kuwa kumbukumbu ya visiwa kwa vizazi. Filamu ilikaa kabatini. Faili hukaa pale tu mtu anapolinakili: moja kwenye kompyuta, la pili kwenye diski, la tatu kwenye diski nyingine katika nyumba nyingine.

Hukumu

Unaanza na pesa ni chache: chukua mtumba wa Sony α7 III, Nikon Z6 II au Canon R6, zote zina nafasi mbili za kadi, na uutie lenzi nzuri. Unaishi kwa harusi, picha na video pamoja: R6 Mark II, Z6 III, α7 IV au S5 II, yoyote ambayo ukoo wake unao jirani. Unapiga wanyama, ngoma na matangazo makubwa: Nikon Z8 au Canon R5 Mark II. Pamoja na bodi, bajeti yako iwe na lenzi moja imara, kadi mbili, betri tatu, diski mbili na ile ndoo ya plastiki. Kama pesa haitoshi kwa hayo yote, shuka ngazi moja ya bodi, wala usione haya. Shangazi hatauliza jina la kamera. Ataangalia kama uso wa mtoto wake unaonekana, na huo ndio mtihani unaopaswa kuufaulu.